Kipupwe Kisitupite Bure: Tutengeneze Nyumba Zetu kabla ya Mvua

Kipupwe hakina wapenzi wengi katika uwanda wa juu wa Makonde. Upepo wa kusi unapovuma, na ukungu wa alfajiri unapolifunika bonde la Ruvuma hata anayesimama Shimo la Mungu pale Newala asione kitu chini yake, watu hujifunika mashuka, wakaota moto, wakangoja jua lipande. Hilo hatulilaumu. Baridi ni baridi. Lakini twapenda kuwakumbusha wananchi wa Chilangala, wa Newala yote na wa Masasi, pamoja na ndugu zetu wa visiwani wanaosoma ukurasa huu, kwamba miezi hii ya baridi na ukavu ndiyo mtaji pekee ambao kila mwenye nyumba hupewa sawasawa na mwenzake, awe tajiri au fukara. Nyumba huanguka mwezi wa Februari, lakini hukumu yake hutolewa mwezi wa Juni.

Tuanze na hesabu ya majira. Huku kwetu kusini mvua ni moja. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba, ikaendelea hadi Aprili au Mei. Ikishakatika, mbingu hufunga kwa karibu nusu mwaka. Unguja na Pemba mambo ni tofauti: masika huisha Mei, na vuli hubisha hodi Oktoba, kwa hiyo nafasi ya mtu wa visiwani ni fupi zaidi kuliko yetu. Tofauti hiyo haibadilishi kanuni. Kote kuwili, kazi ya udongo, miti, nyasi, makuti na chokaa hufanywa katika ukavu, na ukavu una mwisho wake unaojulikana. Hakuna mwaka ambao mvua ilikuja bila kutazamiwa. Kinachokuja bila kutazamiwa ni aibu ya mtu kukutwa juu ya paa huku mawingu yamekwisha kutanda.

Kwa nini basi kila mwaka wengi wetu hukutwa? Wenyewe hutoa jibu moja: twangoja fedha za korosho. Jibu hili ni la kweli, na kwa sababu ni la kweli lastahili kuchunguzwa. Korosho huanza kuokotwa Septemba na Oktoba. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikaingia ghalani, zikanadiwa, kisha ndipo malipo yakamfikia. Mnada huanza Oktoba na kuendelea miezi inayofuata. Kwa hiyo fedha ya bati na ya misumari humfikia mkulima wakati ule ule ambao tone la kwanza humfikia. Msimu wa 2018 ulitufundisha zaidi: minada ilikwama, Serikali ikaamua mwezi wa Novemba mwaka ule kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja, na wako waliopata malipo yao mvua zikiwa zimekwisha kukolea. Anayeifunga nyumba yake katika kalenda ya soko huifunga katika kalenda ambayo hana mamlaka nayo.

Dawa ya jambo hili ni kuzigawa kazi za nyumba katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi zinazotaka mikono, maarifa na muda. Fungu la pili ni kazi zinazotaka fedha. Mtu akitazama kwa makini ataona kwamba fungu la kwanza ni kubwa kuliko alivyodhani, na kwamba lote laweza kumalizika kabla korosho moja haijadondoka. Ya fedha yatangojea fedha. Fedha zikifika zitakuta ukuta umenyooka, nguzo zimebadilishwa na mtaro umechimbwa. Zitatosha, maana hazitakuwa na mengi ya kufanya.

Kazi hizo zina mpangilio, na mpangilio huo umeamriwa na ardhi yetu yenyewe. Ya kwanza ni udongo. Uwanda wetu ni wa mchanga mwekundu unaonyonya mvua yote; mito haiko juu, iko mabondeni. Tangu miaka ya 1950 maji ya bomba yalianza kusukumwa kutoka mabondeni hadi vijiji vya juu, na kuanzia miaka ya 1970 nchi ya Finland ilisaidia sana miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Hata hivyo, kila mama wa uwanda huu ajua thamani ya ndoo moja mwezi wa Septemba. Sasa, kukandika ukuta kwataka maji mengi. Udongo haukandwi kwa mate. Kwa hiyo mwenye busara hukandika na kusiriba mara mvua inapokatika, Mei na Juni, wakati visima vya mvua nyumbani bado vina maji na udongo wenyewe bado una unyevu. Anayeahirisha kazi hii hadi Septemba atanunua kwa fedha kitu ambacho Juni alikuwa nacho uani.

Katika kusiriba, tusidharau maarifa ya wazee. Udongo wa kichuguu hushikamana kuliko mchanga wa shambani, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchagua na kuusaga. Nyasi zilizokatwakatwa zikichanganywa humo huzuia nyufa. Mchanganyiko ukiachwa ulale siku mbili tatu huwa mlaini na mzito. Na hapa tuwaonye wale wanaodhani kwamba kila ukuta wa miti na udongo hupona kwa kupigwa lipu ya saruji. Udongo hupanuka ukilowa na kunywea ukikauka. Saruji haifanyi hivyo. Matokeo yake ni kwamba lipu hubanduka vipande vipande, na maji yaliyopenya nyuma yake hayana pa kutokea, yakaozesha fito polepole bila mwenye nyumba kuona. Tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kilipofunguliwa Mtwara mwaka 2015, wengi wamevutiwa na mfuko wa saruji, na kwa msingi, sakafu na kisima cha mvua saruji ni rafiki mwema. Juu ya ukuta wa udongo, rafiki wa udongo ni udongo wenzake, au chokaa.

Ya pili ni nyasi. Nyasi za kuezekea hukomaa mvua inapokwisha, na hukatwa Juni na Julai. Kuanzia Agosti watu hutayarisha mashamba, na moto huwashwa. Moto huo mara nyingi hauulizi mpaka wa shamba. Mwenye kuchelewa hukuta majivu. Nyasi zilizokatwa zifungwe matita, zisimamishwe mahali penye hewa, zisilazwe chini zikaliwa na mchwa. Paa la nyasi lililoezekwa kwa mwinamo mkali hutupa maji haraka na kudumu miaka kadhaa. Paa lililolala hunywa maji na kuoza mwaka wa pili. Ndugu zetu wa visiwani na wa pwani waezekao kwa makuti wajua habari hiyo hiyo: kuti lililosukwa vizuri, likapangwa kwa kubanana juu ya paa lenye mwinamo, humshinda kwa mbali kuti lililotupiwa juu kwa haraka.

Ya tatu ni miti. Nguzo hufa kutoka chini, pale inapokutana na ardhi, na adui yake ni mchwa. Kila mwenye nyumba achukue panga siku moja ya kipupwe, azunguke nyumba yake, na achome ncha ya panga katika kila nguzo, shubiri moja juu ya ardhi. Panga likizama, nguzo imekwisha, hata kama kwa macho ni nzima. Nguzo mpya ichaguliwe katika miti ambayo mchwa huiogopa, kama mkongo au mpingo, ncha yake ichomwe moto hadi iwe nyeusi, na udongo ushindiliwe kwa kipingili, siyo kwa unyayo. Lakini tukumbuke kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo, na kwamba mpingo, ambao umewalisha wachongaji wetu na kulitangaza jina la Wamakonde duniani, hauoti kwa mwaka mmoja wala kumi. Anayehitaji mti aombe kibali. Anayetoa kibali asimzungushe mwombaji hadi mvua imkute.

Ya nne ni paa lenyewe. Wenye bati wadhanie kwamba wamesalimika? La hasha. Bati halifi kwa uzee peke yake. Hufa kwa msumari. Msumari uliopigwa katika bonde la bati hukaribisha maji, kwa kuwa ndiko maji yanakopita. Mahali pake ni mgongoni. Tundu dogo huzibwa kwa lami na kipande cha turubai wakati wa jua, halizibwi wakati wa mvua. Na papi iliyooza haina budi kubadilishwa kabla ya kulaumu bati. Apandaye juu awe na mwenzake anayeshika ngazi, na asitembee katikati ya bati, bali juu ya mstari wa misumari, kulipo na mti chini yake. Mguu uliovunjika Julai hauokoti korosho Oktoba.

Kuhusu upepo, wako wasemao kwamba kusini hakuna tufani. Historia yasema vingine. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi, na wazee waliokiona walikisimulia maisha yao yote. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, baada ya watu wa Mtwara kutahadharishwa wakae tayari. Mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Matukio haya yote yalikuja mwishoni mwa mvua, wakati kuta zimelowa na nguzo zimelegea. Upepo hauling'oi paa kwa kulisukuma kutoka juu. Huingia chini ya upenu ukaliinua. Kwa hiyo kila kombamoyo lifungwe kwa mwamba kwa waya au kamba imara, na mwamba ufungwe kwa nguzo, ili paa, ukuta na ardhi viwe kitu kimoja. Waya wa kufanya kazi hiyo haugharimu hata bei ya bati moja.

Ya tano, na kwetu sisi wa uwanda ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni maji ya mvua. Tufanye hesabu pamoja. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja ya mraba huleta lita moja. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina paa la mita za mraba 48. Ikinyesha mvua moja ya milimita 20, paa hilo limepokea lita 960. Tuseme sehemu moja katika tano imepotea kwa kumwagika. Zabaki lita 768, nazo ni zaidi ya ndoo 38 za lita 20. Ndoo 38 ni safari ngapi za mama na binti zake kwenda bombani au bondeni? Na hiyo ni mvua ya siku moja. Kumbe paa bovu lina hasara mbili: laingiza maji yasikotakiwa, na layapoteza yanakotakiwa. Kisima cha mvua kifunguliwe wakati kikiwa kikavu, matope yatolewe, nyufa zizibwe kwa saruji, kifuniko kirudishiwe imara ili mtoto asitumbukie na mbu wasizaliane. Mchilizi wa bati uelekezwe vizuri, na mvua ya kwanza iachwe ipite nje, kwa kuwa hubeba vumbi la miezi sita na kinyesi cha ndege.

Tuwageukie kidogo ndugu wa visiwani. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa huonekana kama ya milele, na kwa hiyo husahauliwa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash pale Forodhani mwaka 1883, lilidumu zaidi ya karne moja na robo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na bado jengo lake kubwa kuliko yote halikusalimika. Ikiwa jumba la mfalme lataka kutazamwa kila mwaka, je, nyumba ya mvuvi wa Makunduchi au ya mkulima wa Chilangala? Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuongeze kwamba ufa huzibwa kwa kiganja cha udongo, na ukuta hujengwa kwa mkopo.

Sasa tuseme na viongozi na watumishi wa Serikali, kwa heshima na kwa uwazi.

Nchi hii si ngeni katika kampeni za nyumba na afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma. Walijifunza, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Siri ya kampeni ile ilikuwa nini? Iliendeshwa katika miezi ya ukavu, ikawapa watu jambo la kufanya jioni ile ile, na ikamkuta mwananchi kijijini kwake. Kwa upande mwingine, katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, familia nyingi zilihamishwa kwa haraka na kujenga kwa haraka, na yaliyojengwa kwa haraka yalidai matengenezo tangu mwaka wa kwanza. Tunapata mafunzo mawili hapo. Wananchi wakielimishwa kwa wakati wanaofaa, hufanya zaidi ya walivyoambiwa. Wakiharakishwa bila kuelimishwa, hufanya mara mbili kazi ambayo ingefanywa mara moja.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, Serikali za vijiji ziitishe mikutano mwezi wa Mei, kabla ya watu kutawanyika katika shughuli, zipange siku za kazi za nyumba kama zinavyopanga siku za kazi za barabara. Pili, vibali vya miti ya kujengea vishughulikiwe Juni na Julai, kijijini au katani, ili mtu asipoteze siku tatu kufuata sahihi moja. Tatu, vyuo vya ufundi stadi vya VETA, ambavyo tangu mamlaka hiyo ilipoundwa mwaka 1994 vimetoa waashi na maseremala wengi, viwatume wanafunzi wao vijijini katika kipupwe. Mwanafunzi apate mazoezi, na mwanakijiji apate fundi wa kumwonyesha timazi na pima maji. Nne, majengo ya umma yawe mfano. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, katikati ya ukavu. Lakini fedha za matengenezo ya shule, zahanati na nyumba za walimu mara nyingi huwafikia mafundi mvua ikiwa mlangoni. Je, mkulima angojaye fedha za korosho na ofisi ingojayo mgao wake wana tofauti gani? Yapo mambo ambayo kamati ya shule yaweza kuyafanya bila mgao: kufyeka, kuzibua mitaro, kupiga misumari upya, kuziba matundu.

Yawezekana mtu akauliza: muda huo utoke wapi? Juni hadi Agosti mkorosho wataka salfa, na jando na unyago vina siku zake. Swali ni la haki. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado majanini. Jua likishapanda, kazi hiyo imekwisha kwa siku hiyo, na mchana mzima uko wazi. Ama jando na unyago, wazee wetu waliziweka sherehe hizo katika kipupwe kwa hekima, ghala zikiwa na chakula na hali ya hewa ikiwa njema kwa vijana. Basi vijana wanaotoka kumbini wafundishwe pia namna ya kuezeka na kufunga kombamoyo, kwa kuwa utu uzima ni pamoja na kuweza kuwasitiri watu wako. Na fedha zinazotumika katika ngoma, zipunguzwe walau thamani ya kilo mbili za misumari.

Jambo la mwisho latuhusu sote. Katika kila kijiji iko nyumba ya mzee asiyeweza tena kupanda ngazi, na ya mjane ambaye wanawe wako Dar es Salaam. Nyumba hizo ndizo huanguka kwanza, usiku, wenyewe wakiwa wamelala. Zamani hapakuwa na haja ya kulitangaza jambo hili. Watu walialikana, wanaume wakapanda juu, wanawake wakakandika, chungu kikapikwa, na jioni nyumba ikawa imekwisha. Ujima huo haukufutwa na sheria yoyote. Umefifia kwa sababu kila mmoja wetu alingoja mwingine aanze. Mabalozi wa nyumba kumi wazijua nyumba hizo moja baada ya moja. Wazitaje kwa majina katika mkutano, na vijana wapangiwe zamu.

Ndugu wananchi, upepo wa kusi utavuma miezi michache tu, kisha utageuka. Udongo bado una unyevu, nyasi zimesimama, moto haujawashwa, na mbingu ni safi. Mwenye panga achukue panga, mwenye ngazi amwazime jirani. Mvua itakuja mwezi wake, kama ilivyokuja daima. Na ikija, ituone tumekaa ndani, tukisikiliza maji yakiingia kisimani.